Kutoka Sumbawanga hadi Wuhan: namna ya kufika chuoni China bila kukwama njiani

Kila ifikapo Julai simu yangu hujaa maswali ya wadogo zangu waliopata nafasi ya kusoma China. Wengi huuliza kuhusu ndege. Inatisha? Chakula chake kikoje? Nitalala vipi? Jamani, ndege ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Unakaa, unafunga mkanda, unaletewa chai. Watu hukwama pale wanaposhuka chombo kimoja na kutafuta kingine: stendi ya Mbezi saa nane usiku, ukumbi wa kusubiria Addis Ababa, kituo cha treni Guangzhou, geti la chuo wakati ofisi zimefungwa. Basi nitakupitisha hapo hapo, na ndege nitaigusa kidogo tu.

Mimi nasoma uhandisi wa maji Wuhan, kwetu ni Sumbawanga. Anayekwenda Beijing au Nanjing atabadilisha majina ya vituo, mengine yatabaki vile vile.

Jina lako, kabla ya karatasi nyingine yoyote

Fungua pasipoti ukurasa wenye picha. Chini kabisa kuna mistari miwili ya herufi kubwa yenye alama za <<<. Ukoo umetangulia, zikafuata alama mbili, kisha majina mengine. Namna jina lilivyokaa pale ndivyo litakavyotumika China kwa kila kitu: tiketi ya ndege, tiketi ya treni, laini ya simu, akaunti ya benki, kadi ya maktaba. Sisi tumezoea kujiandika leo Asha Ali Juma, kesho Asha Juma, kwenye cheti cha kidato cha nne Asha A. Juma, na watu wanaelewana. Kule mashine ndiyo inayosoma, na mashine haina undugu. Laini ikisajiliwa ASHA ALI JUMA, benki ikaandika JUMA ASHA ALI, programu ya malipo itakwambia taarifa hazilingani, na utarudi dukani kupanga foleni upya.

Kwa hiyo, kama vyeti vyako vya NECTA na cheti cha kuzaliwa vinatofautiana na pasipoti, shughulikia kiapo cha jina kwa mwanasheria mapema, ukiwa bado unaomba nafasi. Pasipoti ni shilingi 150,000, na ukiiomba hakikisha jina umelipanga jinsi unavyotaka liishi. Kisha liandike kwenye karatasi ndogo, herufi kwa herufi, uibandike nyuma ya simu. Utaichungulia mara nyingi.

Chuo kikikukubali kitakutumia barua ya udahili na fomu ya JW. JW201 ni ya wenye ufadhili wa Serikali ya China, JW202 ni ya wengine. Barua hiyo na fomu yako ya JW ndizo zinazokupatia viza, na ndizo zitakazoulizwa tena chuoni na polisi, kwa hiyo usimwachie mtu nakala halisi ukaondoka na kivuli. Wapo pia wanaohitaji barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ulizia mapema, maana baadaye ukirudi na shahada yako utakutana na TCU tena wakati wa kuitambua.

Fomu ya afya ina uhai wa miezi sita. Usikimbilie kupima Januari wakati unasafiri Septemba. Daktari ajaze kila kipengele, na muhuri wa hospitali upite juu ya picha yako, nusu kwenye picha na nusu kwenye karatasi. Muhuri ukikaa pembeni peke yake, kuna ofisa atakayekurudisha. Beba pia filamu ya eksirei ya kifua na majibu ya damu. Hata hivyo jiandae kisaikolojia: inawezekana ukapimwa upya kule. Kadi ya homa ya manjano nayo isikosekane. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi yake sasa hudumu maisha.

Viza unayoomba ni X1, ya masomo yanayozidi siku 180. Ukishaipata, isome palepale dirishani. Kwenye mstari wa muda wa kukaa utaona sifuri tatu: 000. Kila mwaka kuna anayenipigia akilia kwamba amepewa siku sifuri. Tulia. Hizo sifuri maana yake ni kwamba muda wako wa kukaa utapangwa na kibali cha ukaazi utakachoomba ndani ya siku 30 tangu kuingia. Angalia pia idadi ya kuingia, kawaida ni 01. Unaingia mara moja tu. Ukiwa Guangzhou, rafiki akikwambia "twende Hong Kong tukatembee Jumamosi, ni karibu," mkatalie. Kwenda Hong Kong au Macau kunahesabika umetoka China, na kurudi itabidi uanze na viza nyingine.

Simu iandaliwe ukiwa bado nyumbani

China huduma za Google, WhatsApp, Facebook, Instagram na YouTube hazifunguki kwa intaneti ya kawaida. Wengi wanalijua hilo kwa mdomo, halafu wanatua Guangzhou na barua ya udahili ikiwa imehifadhiwa kwenye Gmail. Pakua kila kitu kiingie ndani ya simu yenyewe: barua, JW, tiketi, anwani, picha za pasipoti na viza. Kisha chapisha seti tatu za karatasi. Moja mfukoni, moja kwenye begi la mkononi, moja ndani ya begi kubwa.

WeChat, programu ya ujumbe wanayotumia kule, ifungue ukiwa Tanzania, wiki kadhaa kabla. Wakati wa kujisajili inaweza kukutaka upate mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akuthibitishe kwa kuskani msimbo wa QR, na mtu huyo ni rahisi kumpata ukiwa umetulia nyumbani kuliko ukiwa uwanja wa ndege. Mtafute kwenye makundi ya wanafunzi Watanzania wa jiji unalokwenda. Ukishapata yako, mfungulie mama, baba na yule mdogo wako anayejua simu. Mfundishe mama kubonyeza ujumbe wa sauti hadi azoee. Wa kwangu alichukua siku mbili, na sasa ananitumia sauti za dakika moja moja kuanzia alfajiri, akisahau kwamba China ipo mbele kwa saa tano.

Alipay, programu ya kulipia kwa simu, nayo iunganishe na kadi yako ya Visa au Mastercard kabla ya kuondoka, na upige simu benki wafungue manunuzi ya nje ya nchi. Jaribu hata kitu kidogo mtandaoni uone kama kadi inapita. Fedha taslimu China inapokelewa, lakini muuza maandazi ya mvuke saa kumi na mbili asubuhi hana chenji ya yuan 100, atakuonyesha tu kile kibao chenye msimbo. Beba pia yuan kidogo za noti ndogo ndogo, za 5 na 10, kwa ajili ya mashine za tiketi za treni ya chini ya ardhi. Zilizobaki ziwe dola, noti mpya zisizo na mikunjo wala maandishi ya kalamu, utabadilisha benki kwa pasipoti. Kiasi kinachozidi dola 5,000 kinatakiwa kutamkwa forodhani.

Ubebe kiasi gani? Ufadhili wa Serikali ya China hutoa posho ya yuan 2,500 kwa mwezi kwa shahada ya kwanza, 3,000 kwa uzamili na 3,500 kwa uzamivu, ila ya kwanza haikungojei getini. Kuna vipimo, kibali, godoro na shuka, laini, chakula. Mimi humwambia kila mtu awe na uwezo wa kuishi mwezi na nusu bila posho. Anayejilipia aongeze bima ya mwaka, yuan 800.

Usiifute laini yako ya Tanzania. Iwekee salio na uwashe huduma ya kutumia nje ya nchi. Mwenye laini ya nyumbani inayoshika mtandao kule kwa kawaida anafungua WhatsApp, kwa sababu mawasiliano yake hupitia nyumbani. Ni ghali, lakini kwa ujumbe mmoja wa "nimefika salama" inatosha. Kwa ramani tumia Gaode au ile ya Apple, na pakua programu ya kutafsiri yenye Kichina kinachofanya kazi bila intaneti.

Mizigo, na kesi ya dagaa

Hapa ndipo kwenye ugomvi wa kifamilia. Mama yako atataka ubebe dagaa. Shangazi ataleta nyama ya kukausha. Mtu atatokea na maharage ya mbegu, "ukapande huko." Forodha ya China inakataza nyama ya aina yoyote, iwe mbichi au imepikwa, maziwa, mayai, matunda na mboga mbichi, na mbegu. Dagaa nao waache. Kuna mbwa pale Guangzhou, mdogo, mtaratibu, anatembea katikati ya mizigo na mhudumu wake, akikaa chini mbele ya begi lako shughuli imeanza.

Unga wa mahindi usijitese nao, upo China, ingawa mwingi ni wa njano. Usichokipata kirahisi ni mwiko. Beba mwiko. Beba pilau masala iliyosagwa, na dawa zako zikiwa kwenye paketi zake na maelezo ya daktari. Dada zangu, suka kabla ya kuondoka, mtindo unaodumu, na ubebe rasta za kusukia tena, kwa sababu msusi wa Kiafrika nje ya Guangzhou ni wa kuulizia kwa watu. Koti zito la baridi usinunue Kariakoo. Septemba Wuhan bado ni joto la kutoa jasho ukiwa umekaa, na ikifika Desemba utanunua kule kwa bei nzuri koti linalofaa. Utalihitaji: Wuhan ipo upande wa kusini ambao majengo yake hayana mfumo wa joto wa pamoja kama Beijing, na baridi yake ni ya unyevu, inapita kwenye soksi.

Kwenye begi la mkononi weka maisha ya siku mbili: nguo za kubadilisha, mswaki, karatasi zote, dawa, chaja, adapta. Soketi zetu za pini tatu za mraba hazipo kule. Umeme wa kule ni volti 220, karibu sawa na wetu, tundu ndilo tofauti. Pawabenki nayo hukaa begi la mkononi, kamwe isiingie begi la chini, na isizidi saa-wati 100, yaani kama mAh 27,000. Kama utaunganisha ndege ya ndani ya China jihadhari zaidi: tangu tarehe 28 Juni 2025 pawabenki isiyo na alama ya 3C, ile ya China ya kuthibitisha usalama wa bidhaa, hairuhusiwi kwenye ndege hizo. Za Kariakoo nyingi hazina alama hiyo. Nunua kule.

Sumbawanga hadi Dar

Ni zaidi ya kilomita 1,100 za barabara: Laela, Tunduma, Mbeya, Makambako, Iringa, Morogoro. Lori likilala mlima Kitonga, hakuna anayejua mtafika saa ngapi. Ndani ya Mikumi basi linatembea taratibu kwa ajili ya wanyama, mizani nayo ina foleni zake. Usikate tiketi ya basi inayofika Dar siku ya ndege. Fika angalau siku mbili kabla, ulale kwa ndugu, ufue, ulale tena.

Mabegi yakiingia kwenye buti, simama uone yanavyowekwa na chukua namba. Nilimshuhudia kijana mmoja stendi ya Magufuli, hiyo hiyo ya Mbezi, begi lake limeshushwa Chalinze na abiria mwingine kwa kufanana rangi. Lilipatikana jioni ya siku iliyofuata, na kwa bahati ndege yake ilikuwa bado. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mshikio, kitenge kilichochanika kinatosha. Na kama una baba mdogo anayekaa Mbezi au Kibamba, huyo ndiye wa kumpigia shikamoo mapema. Usiku ule utamhitaji yeye na bajaji yake ya kuaminika.

Sasa saa. Hili nalirudia kwa kila mtu. Tiketi imeandikwa 03:25, tarehe 3, Jumatano. Kwa kuhesabu kwetu hiyo ni saa tisa na dakika ishirini na tano, usiku wa kuamkia Jumatano. Maana yake unatakiwa kutoka nyumbani Jumanne jioni na kuwa uwanjani kabla ya saa sita na nusu usiku. Kuna watu hujiandaa Jumatano mchana kutwa, wanaagwa, wanaombewa, wanafika uwanjani usiku na ndege yao ilishatua Addis tangu asubuhi. Ukipata tiketi, iandike upya kwa saa zetu kwenye karatasi, umsomee mtu mwingine, naye akueleze ni usiku upi.

Uwanja wa Julius Nyerere, jengo la tatu

Kaunta watakuomba pasipoti, viza, barua ya udahili, mara nyingine kadi ya manjano. Begi likipimwa, ofisa atafunga ukanda wa karatasi kwenye mshikio. Usiondoke. Usome. Kama unashukia Guangzhou, herufi kubwa za mwisho ziwe CAN. Zikiwa ADD, begi lako linaishia Addis Ababa, nawe huna viza ya kwenda kulichukua. Sema kwa upole, "Naomba mizigo iende moja kwa moja hadi Guangzhou." Kipande kidogo cha ukanda ule watakibandika nyuma ya pasipoti au tiketi. Kitunze, kwa sababu begi likichelewa ndicho unachodai nacho. Hesabu pia kadi za kupandia: kama unapita Addis unatakiwa kuwa na mbili.

Kuhusu uzito, fuata kilichoandikwa kwenye tiketi yako, usifuate cha rafiki yako. Air Tanzania inayokwenda Guangzhou moja kwa moja ina masharti yake, Ethiopian ina yake, za Ghuba zina zao. Pima begi nyumbani au kwa muuza nafaka. Kufungua begi sakafuni mbele ya foleni na kuanza kuvaa masweta matatu si jambo la kumtakia mtu.

Addis ni mwendo wa kama saa tatu. Mji upo juu, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, na usiku ukumbi una baridi kwa mtu aliyetoka Dar na fulana. Sweta liwe mkononi. Ukishuka fuata alama za wanaounganisha, utapekuliwa upya, kisha tafuta namba ya mlango kwenye kioo kikubwa. Namba hubadilika, kwa hiyo rudi kukiangalia kila baada ya nusu saa. Usilale ukiwa mbali na mlango wako. Saa za Addis ni sawa na za Dar, na Wahabeshi wanahesabu saa kuanzia asubuhi kama sisi, lakini vioo vya uwanjani vinatumia saa za tiketi. Muulize mhudumu "saa ngapi" na anaweza kukujibu kwa ile ya kwao.

Guangzhou: hapa ndipo pa kwenda taratibu

Safari ya Addis hadi Guangzhou ni saa kumi au kumi na moja hivi. Ukiruka kama saa tano usiku, kwa saa za China utatua kama saa tisa alasiri ya siku inayofuata. Jaza kadi ya kuingilia, weka alama za vidole kwenye mashine, panga foleni ya wageni. Ofisa hana maneno mengi. Anapogonga muhuri, angalia tarehe yake na uiandike mahali: siku zako 30 zimeanza.

Wengi hutaka kuunganisha treni jioni hiyo hiyo. Piga hesabu nami. Uhamiaji, mizigo na forodha vinakufikisha saa kumi na moja. Treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha kusini ni kama saa moja na nusu, pamoja na kusota na mabegi kwenye ngazi. Ukipata treni ya mwendokasi ya saa moja na nusu usiku, ni kama saa nne hadi Wuhan, kilomita elfu moja hivi. Umefika karibu saa sita usiku, treni za mjini zimelala, ofisi ya wanafunzi wa kigeni ilifungwa tangu jioni, na mlinzi wa getini hajui Kiingereza wala Kiswahili. Lala Guangzhou. Kata hoteli mapema na uhakikishe inapokea wageni wa kigeni, maana vihoteli vidogo vingine bado vinakataa. Hoteli itakuandikisha polisi yenyewe. Ukilala kwa rafiki, yeye na wewe mnatakiwa kwenda kuandikisha ndani ya saa 24.

Mimi huwaelekeza watu Xiaobei, mtaa ambao wafanyabiashara wetu wanaujua kama wanavyoijua Kariakoo. Utasikia Kiswahili barabarani, utapata wali wa maana, na asubuhi usafiri ni rahisi: unapanda njia namba 5 kituo kimoja tu hadi kituo cha reli cha Guangzhou, unahamia namba 2, unakwenda nayo hadi mwisho wake, Guangzhou Kusini. Ukitoka uwanjani moja kwa moja, panda namba 3, shuka Jiahewanggang, hamia namba 2, mwisho ni hapo hapo.

Zingatia neno la mwisho. Guangzhou ina kituo cha reli cha zamani, ina cha Mashariki, ina Baiyun, ina cha Kusini. Vipo mbali. Chako kimeandikwa 广州南站, na hiyo herufi 南 ndiyo kusini. Dereva wa teksi akisikia "Guangzhou stesheni" peke yake atakupeleka anakojua yeye. Mwonyeshe maandishi.

Ndani ya kituo cha Kusini

Ni jengo lenye ukubwa wa kukufanya usimame kwanza. Tiketi haihitaji karatasi, pasipoti ndiyo tiketi. Unaweza kuikata kwa programu ya reli ya 12306, inayofungua mauzo siku 15 kabla, lakini akaunti ya mgeni inahitaji kuhakikiwa, kwa hiyo ianze mapema. Ikigoma, nenda dirishani na pasipoti na karatasi uliyoandikiwa mji, tarehe na daraja la pili. Epuka kabisa tarehe 1 hadi 7 Oktoba, ni sikukuu ya taifa na nchi nzima inasafiri.

Mlangoni kila kitu kinapita kwenye mashine ya kuskani. Usiwe na kisu, hata kile kidogo cha kumenyea machungwa, wala mkasi mkubwa, wala marashi ya kupuliza ya makopo makubwa. Mwiko wangu uliwasimamisha. Dada wa ukaguzi aliutoa kwenye begi, akaugeuza geuza, akamwita mwenzake, wakaunusa. Nikafanya ishara ya kusonga ugali hewani, kwa mikono miwili, nimebana sufuria ya kufikirika kwa miguu. Mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni alicheka, akasema neno, na wao wakacheka, wakaurudisha.

Kwenye mageti ya kuingilia jukwaani, Wachina wanagusisha kitambulisho na kupita. Wewe tafuta lango la pembeni lenye mhudumu kama mashine haisomi pasipoti yako. Mageti hufungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, na hawafungui kwa kubembelezwa. Tafuta namba ya behewa chini sakafuni, zimechorwa, simama hapo. Begi kubwa linakaa mwisho wa behewa, nyuma ya viti vya mwisho au kwenye rafu ya mlangoni, kwa hiyo uwe wa kwanza kuingia. Shukia kituo kilichoandikwa 武汉, maana Hankou na Wuchang ni vituo vingine vya jiji hilo hilo. Chini ya kituo kuna njia namba 4 ya treni ya mjini.

Getini, na wiki nne za mwanzo

Chuo cha China kina mageti mengi na eneo lake ni sawa na kata nzima. Kabla ya kusafiri andikia ofisi ya wanafunzi wa kigeni wakutumie kwa herufi za Kichina jina la chuo, geti lililo karibu na bweni lako na namba ya simu ya zamu. Chapisha kwa herufi kubwa za kusomeka usiku. Karatasi hiyo ndiyo mdomo wako kwa dereva, mlinzi, na mama wa bweni.

Fika ofisini siku ya kwanza ya usajili, asubuhi. Wao ndio watakaokupa karatasi ya kuandikishwa makazi, inayotakiwa ndani ya saa 24 tangu uhamie. Kisha vipimo vya afya: nenda bila kula, na ubebe ile fomu ya nyumbani, wakiikubali umeokoa fedha. Mwenyeji wako bwenini akikwambia jiko la umeme chumbani haliruhusiwi, mwamini. Jiko la pamoja lipo mwisho wa korido, na zamu ya jioni ni vita.

Maombi ya kibali cha ukaazi yapelekwe ndani ya zile siku 30, na usisubiri ya 29, kwa sababu majibu ya vipimo yenyewe huchukua siku kadhaa. Ada ni yuan 400 kwa kibali kisichofika mwaka, na 800 kwa cha mwaka mmoja hadi mitatu. Pasipoti itabaki kwao hadi wiki tatu za kazi, utapewa stakabadhi yenye picha yako. Kwa hiyo mambo yanayotaka pasipoti mkononi, yaani laini ya simu na akaunti ya benki, yafanye kabla hujaikabidhi, ukiwa na kile kikaratasi cha jina nyuma ya simu. Usipange safari ya treni wiki hizo.

Ukiipokea, hakiki jina, tarehe ya mwisho ya kibali na namba ya pasipoti ukiwa bado dirishani, piga picha, umtumie mtu nyumbani. Tarehe ile iweke kwenye kalenda ya simu ikukumbushe mwezi mmoja na nusu kabla. Na kila utakapotoka nje ya China ukarudi, au ukihama bweni, rudi ofisini waandikishe makazi yako upya ndani ya saa 24.